Punda Wamehesabiwa, Mwenye Punda Je?

Jumapili, 4 Februari

Mke wangu mdogo,

Salamu nyingi kama uongo wa wawindaji. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo siku hizi linatabiri mvua na kila mara linakosea. Mama yako ananisukuma nikupigie simu. Nimekataa. Simu inakimbiza maneno, na mwongo mzuri anahitaji muda wa kujipanga.

Habari kubwa ni kanisa. Paa limepanda! Unakumbuka tangu utoto wako tulivyosali chini ya yale mabati ya muda, joto likituhubiria kuliko mchungaji. Sasa kuna kuta za mawe, kuna madirisha, na mlango wa mbao nzito ambao seremala ameupiga msasa mpaka nikauona upara wangu ndani yake. Hata wasiosali wakipita wanasimama, wanainua vichwa, wanajifanya wanatazama ndege.

Mkono wa kulia wa mlango litawekwa bamba la jiwe. Kamati ya Ujenzi imeamua yachongwe majina ya nyumba zote zilizorudi baada ya vita. Hadithi yenyewe umeinyonya na maziwa: mji wote ulikimbia, watu wakakaa ugenini mpaka watoto wakaota ndevu, kisha wakarudi kwa miguu wakakuta magofu na nyasi. Basi kila nyumba itachongwa kwa jina la baba aliyekuwa na kiwanja hapa kabla ya vita. Wajukuu wa wajukuu watapapasa majina yao wakiingia kusali. Ufunguzi ni mwezi wa nne, na nasikia wewe ndiye utakayesoma Maandiko. Nilipoambiwa nilizunguka mtaa mzima kifua mbele, nikawasalimia hata watu tusioongea.

Sasa nina swali. Umekwenda chuoni kusomea mambo ya Mungu, na kati ya habari zote tamu zilizomo humo, vita, nyoka, wafalme na wake za watu, wewe ukachagua kuandikia tasnifu yako ile sura ya majina. Ile ya Wayahudi waliorudi kutoka utumwani Babeli. Wana wa fulani, mia kadhaa. Wana wa fulani, mia kadhaa. Mimi nikifika hapo hulala fofofo. Mungu alikuwa na shida gani? Wino ulimzidi?

Na lingine, dogo tu. Kuna mzee mmoja hapa, simtaji maana ana mdomo. Alirudi na watu wote, lakini hana baba wa kuonyesha katika ardhi hii. Kitabu chako kinamwambiaje mtu wa namna hiyo? Hanihusu sana. Nauliza kwa ujirani mwema.

Ni mimi mumeo mkubwa,
Babu


Jumatano, 14 Februari

Shikamoo Babu,

Marahaba naiitikia mwenyewe, kwa sababu nikikuachia wewe utaitikia upuuzi.

Umenichekesha mpaka mwenzangu wa chumbani akadhani nimepata barua ya mchumba. Nikamwambia ndiyo, ana meno machache na goti linalodanganya kuhusu mvua. Anakusalimu.

Sikiliza, usilale. Wale watu walikuwa wamepoteza kila kitu. Hekalu limechomwa, ukuta umebomolewa, mfalme hayupo. Wengi walizaliwa hukohuko ugenini, mji wanaoambiwa ni wao hawajawahi kuuona. Mkononi walibaki na kitu kimoja tu: mimi ni wa nyumba ya fulani. Hilo hakuna askari aliyeweza kulichoma. Kwa hiyo walipofika, kabla hawajaweka jiwe juu ya jiwe, waliweka jina juu ya jina. Ile sura unayolalia, Babu, ndiyo ukuta wao wa kwanza.

Na ukuta una ndani na nje. Kuna makuhani waliotafuta majina yao katika kumbukumbu za vizazi, hayakuonekana, wakaondolewa madhabahuni. Mambo yalikuwa makali! Lakini huyo mzee wako asikate tamaa. Yumo humo mtu mmoja aliyeoa binti wa Barzilai akaitwa kwa jina la ukweni. Kama mzee wako alioa hapa, mwambie aingie chini ya jina la mkwewe, atulie, jiwe limsitiri. Kupewa jina si aibu.

Ajabu ni kwamba Katibu wa Kamati naye ameniandikia swali hilohilo, bila kumtaja mtu, eti haki isipendelee. Nimemjibu kurasa tatu zenye tanbihi. Nimeandika kwamba orodha isiyo na mpaka si orodha, ni umati wa sokoni. Mwalimu wangu ameusifu sana mstari huo.

Nikiandika nilikuwa nafikiria bahati yetu sisi. Baba yako na kiwanja chake nyuma ya kisima. Nimewasimulia watu hapa habari zake mpaka wamechoka. Siku ya ufunguzi, kabla sijasoma chochote, nitakwenda kwanza kulipapasa jina lake.

Mjukuu wako


Ijumaa, 23 Februari

Kwa Binti yetu, Chuo cha Theolojia

YAH: SHUKRANI NA TAARIFA YA UAMUZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kamati imepokea maelezo yako ya kitaalamu. Yalisomwa kikaoni neno kwa neno, na mimi niliyekufundisha kushika kalamu nilisoma nikiwa nimesimama, ingawa kanuni zinaruhusu kukaa.

Suala lililokuwa mezani lilimhusu babu yako mzaa mama. Jina lake sikulitaja kwa makusudi, ili kalamu yako isitetemeke. Sisi wenye umri tunajua kwamba alikuja pamoja nasi kutoka ugenini, lakini kabla ya vita hakuwa wa hapa, wala hajulikani ni wa wapi. Ubishi ulikuwa umetuchosha vikao viwili. Kurasa zako zimeumaliza. Orodha isiyo na mpaka si orodha: Mwenyekiti ameutamka mstari huo mara nyingi tangu siku hiyo, hata mahali usipohitajika.

Kwa hiyo imeamuliwa kwamba nyumba yake haitachongwa kama nyumba. Mama yako, wewe na ndugu zako mtahesabiwa chini ya nyumba ya marehemu bibi yako. Ndugu wa kiume wa bibi yako, ambaye ni mjumbe wetu, amekubali kwa moyo mkunjufu kumpokea humo shemeji yake pia.

Babu yako alisikiliza mpaka nukta ya mwisho. Kisha akaomba aione ile karatasi. Nilimpa. Akaisogeza dirishani, akaitazama sahihi, akawaonyesha wajumbe mmoja mmoja. Akasema, "Mnaona herufi zilivyonyooka? Huyo ni mjukuu wangu." Akavaa kofia akatoka. Hatukujua kama tucheke au tufanye nini.

Tunakutegemea siku ya ufunguzi.

Wako katika ujenzi,
Katibu


Jumanne, 27 Februari

Babu,

Nimesoma barua ya Katibu nikiwa nimesimama kwenye korido, nikajikuta nimekaa sakafuni. Watu wananiruka.

Kwa nini hukuniambia ni wewe? Uliniuliza kwa mafumbo, kuna mzee, simtaji, ana mdomo. Wazee wenye midomo wako wengi mtaani kwetu! Ningejuaje? Na yule baba yako wa nyuma ya kisima ni nani? Nimemlilia mimi yule, siku uliponisimulia alivyokufa.

Nimekukata kwa mkono wangu, halafu nikakushauri usitirike kwa jina la watu. Kumbe mkuki ni kwa nguruwe. Naona aibu hata kuandika.

Nisamehe. Leo hii namwandikia Katibu afute zile kurasa. Nitampigia magoti ikibidi.

Mjukuu wako, kama bado


Jumatano, 6 Machi

Mke wangu mdogo,

Futa kamasi. Karatasi yako ililowa mpaka neno "nisamehe" likaota mkia. Na hilo "kama bado" nimelikata kwa sindano yangu ya shazia, ile ya kushonea matandiko ya punda, nikalitupa jikoni likaungue.

Hukunikosea. Uliulizwa ukajibu. Nimewaona wanaume wakishindwa na maadui, na wengi zaidi wakishindwa na wake zao. Mimi nimeshindwa na damu yangu mwenyewe, kwa kurasa tatu, zenye vile vimaneno vidogo vya chini vyenye namba. Nani mwingine mtaani amewahi kupigwa kipigo cha heshima hivyo? Mwuza mkaa hana. Mwenyekiti hana. Watoto wake hata salamu hawaandiki.

Sasa huyo baba wa kisima. Ulikuwa mtoto unayeuliza maswali kama polisi, na usingizi hauna habari nawe. "Babu, baba yako nani?" Nikakupa baba. Siku moja alikuwa mpiga tarumbeta. Siku nyingine alimezwa na mamba akatapikwa kwa ubishi. Huyu wa kisima ndiye uliyempenda, ukamng'ang'ania, nami nikamwacha aishi. Sijutii hata kidogo. Alikuwa baba mzuri, mimi mwenyewe nilishamzoea.

Ukweli ni mfupi. Niliokotwa sokoni, soko la wanyama, kulekule ugenini walikokimbilia hawa watu wako. Wachuuzi wa mifugo walinilea kwa zamu, kama paka wa bweni. Huyu ananipa uji, yule ananipa kofi. Nilipopata nguvu nikapewa punda mmoja asiye na sikio, kisha nikapata wengine, nikawa mtu.

Siku hawa walipoamua kurudi kwao, walikuja sokoni kutafuta wa kuwabebea. Wenye punda wote walikataa. Njia imeharibika, madaraja yamelala mtoni, na huko mbele hakuna anayejua kuna nini. Mimi nikakubali. Usinifanye shujaa! Kati yao alikuwepo msichana mwenye sufuria kichwani, anawatukana watu wazima waliokuwa wanasitasita, kwa sauti tamu ajabu. Huyo ni bibi yako. Nililifuata tusi lake mpaka huku, na sijawahi kulichoka.

Punda wangu walibeba vizee. Walibeba wagonjwa, na mama aliyejifungulia njiani. Walibeba milango. Ndiyo, milango! Watu walipokimbia vita kuna waliong'oa milango ya nyumba zao wakaenda nayo, na sasa walikuwa wanairudisha. Shemeji yangu, huyu mwenye kitambi anayekaa kwenye Kamati akikohoa kwa cheo, alikuja akiwa mtoto ndani ya shogi, lile tandiko lenye mifuko miwili. Yeye mfuko huu, na mfuko wa pili mtungi wa maji ili mzigo ulingane. Akilia, maji yanacheka. Kila anaponyoosha mkono kikaoni kutoa hoja mimi namwona humo.

Amekuja kibandani kwangu juzi. Akakaa juu ya gunia, akavuta pumzi.

"Shemeji, ingia kwetu," akasema. "Jina la dada yangu ni jina lako."

"Nitaingia kama nani?"

"Kama mkwe."

"Mkwe ni mgeni aliyezoea sahani."

"Yaani miaka yote hii bado unajiita mgeni?"

"Mimi? Ninyi ndio mmepiga kura."

Akakasirika. "Unajivuna bure, Mwenye Punda. Mtu hana kwao, halafu anachagua mlango wa kuingilia!"

"Nachagua," nikamwambia, "kwa sababu mlango wenu ulikuja mgongoni mwa punda wangu. Najua uzito wake."

Akalisogeza gunia lake karibu na jiko. Kisha tukanywa chai, maana ni ndugu.

Alipoondoka nikachukua Maandiko, nikaifungua sura yako. Nimeisoma yote, mara hii macho makavu. Mwishoni nikapiga kelele mama yako akaja mbio na mwiko. Farasi wamehesabiwa! Nyumbu wamehesabiwa, ngamia wamehesabiwa, na punda elfu sita mia saba na ishirini! Nikaenda moja kwa moja kwa Katibu, nikamwambia, "Basi chongeni punda wangu, mimi niacheni." Akasema, "Mzee, asante ya punda ni mateke." Nikamwambia, "Mateke nimeshayapata, nasubiri asante."

Lakini nisikilize vizuri. Usimpigie Katibu magoti. Sitaki kuombewa. Ukiniombea nitakuwa mzee aliyeingizwa ndani kwa kubebwa na mjukuu, na mimi maisha yangu yote ndiye niliyebeba. Jina la ukweni silitaki. Si kwa dharau. Bibi yako alikuwa ua. Nataka nyumba yangu iitwe nyumba. Nilimwoa mtu hapa, nimezaa hapa, nimezika hapa. Isipowezekana, jiwe libaki bila mimi, nitakuwa nikipita nalitolea ulimi. Nimefanya mazoezi.

Babu yako, bila "kama"


Jumatano, 13 Machi

Kwa Mheshimiwa Katibu, Kamati ya Ujenzi

Shikamoo Mwalimu,

Babu amenikataza kumwombea, nami simwombei. Naandika kusahihisha kazi yangu, kama ulivyonifundisha: aliyekosea hesabu ubaoni arudi yeye mwenyewe na chaki.

Nilikueleza kwamba sura ile ni ukuta. Bado nasema hivyo. Lakini nilitazama ukuta tu, sikutazama waliochorwa juu yake. Nimerudi kusoma polepole, kidole kwenye mstari, nikaona mambo niliyokuwa nayajua ila sikuwahi kuyaangalia usoni.

Kwanza ni Barzilai. Nilimtolea mfano kwamba jina la ukweni linamsitiri mtu. Sivyo. Wana wa yule aliyejiita kwa jina la ukweni ndio haohao ambao majina yao yalitafutwa yasionekane, wakaondolewa madhabahuni. Jina la kuazima halikuwasaidia chochote. Nilimpa mzee dawa ambayo mgonjwa wake wa kwanza hakupona.

Pili, na hili ndilo lililonikosesha usingizi. Wako watu waliopanda kutoka miji ya Tel-mela na Tel-harsha ambao, Maandiko yanasema wazi, hawakuweza kuonyesha nyumba za baba zao, wala kama wao ni wa Israeli. Ningekuwa mwandishi wa orodha ile, mimi mwenye kurasa tatu, ningewaacha nje. Yeye hakuwaacha. Amewaandika. Wana wa Delaya, wana wa Tobia, wana wa Nekoda, na idadi yao, palepale, kabla hajafunga hesabu ya mkutano. Hakuficha kwamba hawana ushahidi, na hakuwafuta kwa sababu hawana ushahidi. Walitembea njia ileile na vumbi lilelile, basi wakaandikwa.

Na kuna kichekesho kidogo ambacho Babu angekipenda. Mkubwa aliyewakataza wale makuhani wasile vitu vitakatifu, katika mstari ule ametajwa kwa cheo tu. Jina lake halimo. Waliokataliwa tunawajua kwa majina mpaka leo.

Kwa hiyo Mwalimu, nilipoandika kwamba orodha isiyo na mpaka si orodha, nilisema nusu. Nusu ya pili ni hii: orodha inayomwacha aliyetembea si orodha ya waliorudi. Ni orodha ya wenye viwanja.

Naomba barua hii isomwe kikaoni kama ile ya kwanza ilivyosomwa, na ukiweza, usimame. Uamuzi ni wenu. Siku ya ufunguzi nitakuja na nitaisoma sura yote, bila kuruka jina hata moja, na wa Tel-mela nao nitawasoma kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni.

Mwanafunzi wako


Alhamisi, 28 Machi

Mke wangu mdogo,

Nilikukataza kuandika, ukaandika. Tabia hiyo umeirithi kwa bibi yako, na mimi nilishindwa naye tangu siku ya sufuria.

Katibu amesoma barua yako akiwa amesimama. Tukasikia hata seremala akitafuna kucha zake nje. Mwenyekiti akasema ule mstari wake, orodha isiyo na mpaka, akaishia njiani, akamtazama Katibu amkumbushe nusu ya pili. Alipokumbuka habari ya mkubwa aliyeandikwa cheo bila jina, akauliza taratibu, "Kwenye jiwe letu, Mwenyekiti anaandikwaje?" Nikamwambia asiwe na wasiwasi, tutaandika "Mwenyekiti". Hakucheka. Wengine walikohoa ndani ya mikono.

Wakabishana. Mwisho Katibu akatoa pendekezo. Chini ya nyumba zote uchongwe mstari: *Hawa nao walipanda pamoja nasi, ingawa hawakuweza kuonyesha nyumba za baba zao.* Na chini yake, Nyumba ya Mwenye Punda. Nyumba, siyo mkwe. Mama yako na wewe na ndugu zako na vitukuu nitakaowaona na nisiowaona, wote humo.

Mwenyekiti akaniinamia kwa huruma. "Mzee, mstari wenyewe una kaaibu kidogo. Tunaweza kuuchonga kwa herufi ndogo."

"Kubwa," nikasema.

"Kubwa kuliko za wengine?"

"Sawa na za wengine. Mimi si mlafi. Ila zizame ndani sana, mvua isizilambe."

Shemeji akanyoosha mkono. Nikajua sasa atakohoa. Akasema, "Mimi nilikuja humu ndani ya mfuko, na mtungi wa maji upande wa pili. Huyu alikuja kwa miguu yake. Naunga mkono." Sijui nani alimwambia habari ya mfuko, maana mimi nimeificha miaka yote nikimsubiria siku ya ugomvi. Kumbe anaikumbuka mwenyewe. Nilitazama dari, dari lenyewe zuri.

Nilidhani hadithi imeishia hapo. Haikuisha. Siku ya pili asubuhi alikuja mshona nguo wa kona ile, unamjua, yule anayevaa tepu shingoni hata msibani. Alizunguka kibanda, akapima tandiko ambalo hakuna aliyemwambia alipime. Mwishowe akasema, "Mwenye Punda, sisi nyumba tuliyoandikwa si yetu. Mama alitupachika kwa jirani tulipofika, tusionekane wapweke. Kwenye mstari wako kuna nafasi?" Nikamwambia mstari si wangu, ni wa Maandiko, aende kwa Katibu. Baada yake akaja yule mkunga mstaafu aliyemtoa mama yako tumboni, mwanamke asiyemwogopa mtu, akanong'ona kama mtoto aliyevunja kikombe. Kisha wengine. Katibu ameishiwa karatasi. Fundi wa mawe amelalamika kwamba sehemu ya chini ya jiwe sasa inaizidi ya juu, akaagiza bamba refu zaidi, na Mwenyekiti amelazimika kuukubali mpaka mpya wa orodha yake. Watu waliokuwa wanainamisha macho nikipita sasa wananiita kwa sauti kutoka ng'ambo ya barabara. Tunatembea, mke wangu, kama watu waliorithi kitu.

Jana ilikuwa zamu ya nyumba yetu kuchongwa. Nilivaa koti. Mama yako alikuja, shemeji alikuja na kiti chake mwenyewe akanikalisha mimi. Fundi wa mawe ni kijana wa watu wa mbali, haelewi mambo yetu, ana vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Alichora kwanza kwa penseli, akapuliza, akashika patasi. Kisha akasimama.

"Mzee," akasema, "nyumba zote huko juu zinakwenda hivi: nyumba ya fulani, mwana wa fulani. Wewe nikuandike mwana wa nani?"

Wote wakageuka kunitazama. Katibu akasafisha koo, akasema kwa upole, "Acha nafasi tupu, fundi. Pasichongwe kitu."

Nikainuka kitini. Goti halikuuma. Nikaenda mpaka kwenye jiwe, nikaweka kidole palepale penseli ilipokomea.

"Usiache nafasi," nikamwambia. "Anza na mimi."

Ni mimi babu yako,
wa kwanza wa nyumba hii